Shati la Bandani

Sitaanza na mwanzo, maana mwanzo katika mji wetu hauaminiki. Wiki iliyopita jana ilirudi mara tatu, na watu wakala kiporo kilekile mara tatu bila mtu kunung'unika. Nitaanza na swali, kwa sababu swali ndilo lililonikaa kooni tangu nilipojua kusema. Kiumbe anayerudi nyumbani, anarudi kwa kupenda, au anarudi kwa kuwa kuna mtu amemtegea kitu kiotoni? Mimi ni mfuga njiwa. Naitwa Simai, au ndivyo anavyoniita mke wangu Mwatima, nami huitika. Na ni mwoga. Hili naliweka wazi mapema ili mtu asije akanisoma kwa matumaini ambayo sikumpa.

Mji wetu una nyumba arobaini na ukuta mmoja. Kila nyumba ina banda la njiwa juu ya paa, na kila banda lina msumari wake ukutani. Kabla ya siku ya shindano, watu wa Mpimaji, mwamuzi wa shindano, hupita nyumba hadi nyumba wakachukua njiwa mmoja kila banda, wakamfunga uzi mwekundu mguuni, wakampeleka mahali paitwapo Mbali, na huko wakamwachilia. Akirudi na kuingia bandani kwa hiari yake, mfugaji humfungua uzi, akakimbia nao mpaka ukutani, akautundika kwenye msumari wa nyumba yake. Njiwa aliye juu ya paa hajarudi. Njiwa aliyesimama kwenye kidirisha, kichwa ndani mkia nje, hajarudi. Na anayemgusa ndege nje ya banda amejihukumu mwenyewe. Siku hiyo jua halishuki. Linasimama utosini na kungoja, mpaka ubaki msumari mmoja mtupu, na mwenye msumari huo hutiwa kwenye tenga.

Nikilitaja tenga vidole vinanitetemeka, angalieni mwandiko wangu. Ni tenga la fito na kamba, kama lile la kubebea kuku, ila kubwa kiasi cha mtu kukaa ndani magoti yakiwa kifuani. Wanaume sita hulibeba. Wanakupeleka Mbali, wanafungua kifuniko, wanakwambia rudi kwenu. Hawakuoneshi njia. Mpimaji husema, na wala hacheki, kwamba ikiwa ndege mwenye kichwa cha ukubwa wa ndimu anaweza, basi wewe mwenye akili kitakushinda nini.

Waliowahi kurudi ni watatu tu. Mmoja ni Hatibu, fundi wa vitanda vya kamba. Aliondoka akitumia mkono wa kushoto, akarudi anatumia wa kulia. Nilimuuliza mkewe siku moja, kwa kunong'ona, kama ndiye. Akanijibu, "Anakula kwenye sahani yake, analala upande wake. Sasa ulitaka niulize nini tena?" Tangu siku ile nimekuwa nikijitazama mikono. Utoto wangu siukumbuki. Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni Mwatima amesimama mlangoni, jua limetulia utosini, ananiambia, "Karibu ndani, umechoka," nami nikaingia. Huenda ile ilikuwa siku ya harusi yetu. Huenda nilikuwa natoka Mbali, na nyumba hii ilikuwa ya mtu mwingine. Sijawahi kumuuliza, kwa kuogopa kwamba atanijibu.

Basi tuseme habari za njiwa, maana huko angalau nina uhakika kidogo.

Jirani yangu Ngwali ana ufundi wake. Huwatenganisha madume na majike mwezi mzima, halafu siku ya kuchukuliwa njiwa humwonesha dume mkewe kupitia matundu ya waya, kwa muda wa kumeza mate tu, kisha akamtia kapuni. Dume hurudi akiwa nusu kichaa. Mimi njia hiyo siitaki. Mimi nawaacha waishi kama walivyoumbwa, dume na jike pamoja, kila jozi na kiota chake. Asubuhi wanaruka wanavyotaka, hakuna wa kuwafukuza kwa kitambaa. Chakula ni mtama, choroko kidogo na mahindi yaliyovunjwa. Kuna kijungu cha chumvi na matofali yaliyosagwa na maganda ya mayai. Kuna karai la maji ya kuogea, wanajitupa humo na kutapanya maji kama watoto. Wadudu wa manyoya nawatoa kwa majani makavu ya mwarobaini chini ya viota. Dawa za chupa sizijui na sitaki kuzijua. Jike hutamia kuanzia alasiri mpaka asubuhi, dume akampokea jua likipanda, na katika kupokezana huko ndimo ilimo nguvu yote. Mpeleke jike Mbali wakati ana yai linalokaribia kuanguliwa, atapasua mawingu.

Na kuna jambo jingine, ambalo mfugaji hamwambii mwenzake. Nilichukua yai lililoharibika, nikalitoboa, nikamwaga uozo, nikalisuuza. Nikatia ndani yake dudu mweusi wa kwenye samadi, mzima, nikaziba tundu kwa nta na kuacha kijitundu cha pumzi. Kisha nikamwekea Chokaa, jike langu bora, mwenye baka jeupe begani, siku ya kumi ya kutamia kwake. Dudu akawa anakwaruza ndani ya gamba. Chokaa akahisi chini ya tumbo lake kinda linataka kutoka, siku saba kabla ya wakati. Nilimwona akitulia, akifumba jicho, akisikiliza kwa ngozi. Ndipo watu wa Mpimaji walipokuja wakamchukua.

Mwatima alikuwa ameshika ngazi. Aliona yote.

"Unamdanganya mama wa watu," akasema.

"Namrahisishia safari."

"Na wewe je, Simai? Umewekewa nini humo unamolalia, kila siku unarudi tu?"

Alisema kwa utani, na akacheka, lakini nilishuka ngazi bila kumtazama. Maana hilo ndilo lilikuwa swali langu mwenyewe, na sikupenda kulisikia limetoka kinywani mwa mtu mwingine. Nani aliyeweka kitu kinachokwaruza chini ya mji huu, hata sisi sote arobaini tukakubali kufunga nyuzi na kukimbia ukutani, badala ya kuondoka tu? Hakuna mtu aliyewahi kuondoka. Lango liko wazi. Hata mlinzi halina.

Asubuhi ya shindano woga ulinishika mapema kuliko kawaida. Haukuwa na sababu. Nilikuwa na ndege bora na hila bora. Lakini niliona tenga limeshatolewa na kuegeshwa ukutani, kamba zake zimelowekwa maji ziwe laini, na mwili wangu ukaamua kabla ya akili. Nikasema moyoni: kama ni mimi, basi wasinichukue nikiwa mchafu. Nikachota maji, nikaoga kwa sabuni. Nikanyoa ndevu zote, ndevu za miaka tisa. Nikavaa kanzu nyeupe niliyoolea, au niliyovaa siku ile mlangoni, vyovyote iwavyo. Na shati langu la bandani nikamtupia Mwatima nikamwambia alifue.

Shati hilo lazima nilieleze. Lilikuwa la kaki, limetoboka viwiko, limekakamaa kwa vumbi la mtama na kinyesi cha ndege. Kila mfuga njiwa ana nguo moja ya bandani na haibadilishi. Haifuliwi, maana ndege anamjua mtu kwa rangi na umbo la anayempa chakula. Ukipanda na nguo ngeni, banda zima litaruka. Hili nalijua kuliko ninavyolijua jina langu. Nimewafundisha wengine. Nilimwambia hata Hatibu, aliporudi na mkono wake mpya akataka kufuga. Na bado nililivua mwenyewe, asubuhi ya siku moja tu ambayo nililihitaji, kwa sababu nilikuwa najiandaa kushindwa, na katika kujiandaa sikukumbuka kitu kingine chochote.

Mwatima alinitazama kutoka utosini mpaka kwenye visigino.

"Hajarudi hata mmoja, wewe ushajizika," akasema. Lakini alilipokea shati, akalitia kwenye beseni.

Chokaa alirudi wa kwanza.

Nataka lieleweke hilo. Katika nyumba arobaini, alikuwa wa kwanza. Nilimwona akiwa nukta juu ya lango, kisha mabawa, kisha lile baka jeupe. Alizunguka banda mara moja, akakunja mabawa, akateremka kwa kasi moja kwa moja kwenye kidirisha. Ndani, dume lake lilikuwa limelalia yai, na dudu anakwaruza. Kila kitu kilikuwa tayari. Nami nilikuwa nimesimama kando ya kidirisha, mweupe, uso umenyolewa, natabasamu.

Akaniona. Akapiga mabawa mbele ya uso wangu, nikausikia upepo wake mashavuni, akapanda akatua juu ya paa.

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Sikujua polepole. Ilikuwa kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo.

Nikatikisa kopo la mtama. Akainamisha kichwa upande, akalisikiliza kopo, akanitazama mwenye kulishika, akarudi nyuma hatua mbili. Nikajaribu kupiga mluzi wangu, ule wa mawimbi matatu. Midomo ilikuwa mikavu, na bila ndevu sikuweza kuiweka mahali pake. Ikatoka pumzi tupu. Chini barabarani nikasikia mbio, mtu wa kwanza anapita na uzi. Kisha wa pili. Kisha watatu kwa pamoja, wanasukumana na kucheka kwa kile kicheko cha mtu aliyepona.

"Simai we!" Ngwali akaniita kutoka kwenye paa lake. "Si ndege wako huyo? Mbona unamwangalia tu kama mchumba?"

"Haingii."

"Na wewe ni nani hapo?" akauliza, na sikujua kama ananitania, maana alikuwa amekinga jua kwa kiganja na kunitazama kwa shaka kweli. "Ah! Ni wewe? Umejifanyaje?"

Dume la Ngwali likaingia wakati huohuo, naye akatoweka. Nikabaki na ndege wangu. Hatua sita kati yetu. Aliyetoka Mbali alikuwa yeye, amekata anga lisilo na alama, amekataa mwewe na kiu, kwa ajili ya mkwaruzo wa dudu. Nyumba aliijua. Paa alilijua, na kidirisha alikijua. Kitu kimoja tu ndicho hakukijua, nacho ni mimi. Nikaanza kufikiri kwa namna ambayo mtu hapaswi kufikiri akiwa juu ya paa. Kama huyu aliyekula mkononi mwangu miaka minne hanioni, basi alikuwa akiona nini siku zote? Shati? Ndevu? Na Mwatima je, akinifungulia mlango, anamfungulia nani? Nikilivua hili na lile, chini kabisa kuna mtu? Nilijipapasa kidevu. Kilikuwa kidevu cha mtu mwingine, laini, chenye baridi. Niliogopa kujishika zaidi.

"Misumari mingapi?" nikauliza kwa sauti.

Mwatima alikuwa ametoka barabarani kutazama ukuta. "Thelathini na tatu ina nyuzi," akajibu. Kisha, "Thelathini na sita. Simai, unafanya nini huko?"

"Nguo! Nipe shati langu!"

"Nishalitia majini!"

"Lete hivyohivyo!"

Akalipandisha linachuruzika maji ya sabuni. Nikalivaa juu ya kanzu. Kifungo hakikubali tundu, kanzu imetokeza chini kama shimizi. Nilipogeuka, sijui Chokaa aliona kiumbe gani, nusu cheupe, nusu cha kaki, kinachodondosha povu. Akaruka mpaka paa la Ngwali. Nikapiga kelele. Mfugaji hapigi kelele. Hilo nalo nalijua. Nilipiga kelele, nikamtaja mama yake aliyemtaga, halafu nikalivua shati na kulitupa, nikateremka ngazi kwa makalio, nikakaa chini, nikafunika uso kwa viganja. Jua lilikuwa palepale. Nilikuwa nalisikia utosini likinisubiri.

Sikuona alivyolivaa. Nilichosikia ni mluzi.

Ulikuwa mluzi wangu. Mawimbi matatu, la mwisho limeshushwa kidogo, kama ninavyolishusha mimi. Nikainua macho nikaniona juu ya paa. Nasema nikaniona. Shati la kaki, viwiko vilivyotoboka, mgongo umeinama kidogo, kopo mkononi halitikiswi sana, mara mbili tu, kisha kimya. Mtu yule hakumtazama ndege. Alimpa ubavu, kama inavyotakiwa. Alikuwa na utulivu ambao mimi sijawahi kuwa nao. Chokaa akaruka kutoka paa la Ngwali, akapita juu ya bega la kaki, akaingia kwenye kidirisha bila kusita. Ndipo mtu yule akageuka, na alikuwa Mwatima, kanga yake imejisokota kiunoni, anacheka na machozi yanamtoka.

"Kaingia, mume wangu! Kaingia!"

Akamfungua uzi. Akateremka mbio, uzi umefungwa ngumini. Kabla hajafika kwenye kizingiti, tulisikia ukelele kutoka ukutani, ule wa mtu mmoja, mkali, wa furaha. Msumari wa thelathini na tisa ulikuwa umepata uzi.

Mpimaji alikuja mwenyewe. Ni mtu mfupi, mwenye sauti ya upole, anayebeba kigoda chake kwa mkono. Alikiweka mbele ya mlango wetu, akakaa. Wale sita walisimama nyuma yake na tenga. Mpimaji haandiki kitu. Hapa kwetu majina huhama, nyuso hubadilika, jana hurudi, na hakuna daftari litakaloweza kusema nani ni nani. Kwa hiyo ana sheria moja tu, na watoto huiimba wakiruka kamba: mwenye njiwa ni yule ambaye njiwa anamwendea.

Akatutazama. Mimi nimekaa chini, safi, mweupe, sina ndevu. Mwatima amesimama, shati la bandani limemganda mwilini, unyoya mmoja umenasa begani, uzi mwekundu mkononi.

"Ndege huyu alimwendea nani?" akauliza.

Mwatima hakukana, wala hakuninyooshea kidole. Alinigeukia tu, akangoja. Alikuwa bado anahema kwa zile mbio. Uso wake ulikuwa na uhakika kamili, uhakika wa mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi waliyoianza pamoja. Ningeweza kusema mengi. Ningesema banda ni langu. Ningesema mluzi ni wangu, ameuiba. Ningesema mimi ndimi niliyeweka dudu. Nilifungua kinywa nikiwa na maneno hayo yote, nikaangalia tenga, nikaona kifuniko kimeshafunguliwa, nikaona ndani yake kwenye fito ukucha wa mtu, mzima, umekwama.

"Kamwendea yeye," nikasema.

Nililosema lilikuwa kweli tupu. Sijawahi kusema kweli iliyonyooka namna ile.

Mpimaji akaitikia kwa kichwa, akainuka, akachukua kigoda chake. Wale sita walimsaidia Mwatima kwa adabu, kama wanavyomsaidia bibi harusi. Hakupiga kelele. Alikunja magoti kifuani, akajifunika kanga. Wakati wanafunga kamba alisema kitu kimoja, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayekwenda kisimani.

"Lile yai lipasue. Dudu asife humo."

Hakuniangalia. Wakalinyanyua. Wakapita lango lisilo na mlinzi.

Nilipanda bandani kwa sababu aliniambia. Nililipasua yai kwenye kiganja. Dudu alitoka, akazunguka, akaanguka kwenye mbao, akaenda zake. Chokaa alinitazama nikiiba kile alichokuwa amekikimbilia, hakunidonoa. Nikabaki nimesimama humo na mikono mitupu. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na furaha. Furaha ya mwili, ya magoti ambayo hayakukunjwa. Naiandika kwa aibu, lakini ilikuwepo, na ilikuwa kubwa kuliko kilio.

Ngwali alinikuta mlangoni nimerudi chini. Alisimama kwa mbali kidogo, hakunipa mkono.

"Atarudi," akasema. "Mwatima ni wa kurudi yule. Akili anayo, na macho anayo. Tena nitakwambia, atarudi mapema kuliko wote waliotangulia. Wewe kaa hapa mlangoni tu, akuone."

Alinionea huruma, masikini. Alidhani ananipoza. Nilimshukuru, akaenda. Na jua, ambalo lilikuwa limesimama siku nzima, likaanza kuteleza, vivuli vikatoka chini ya nyumba.

Nikafikiri kama mfugaji, maana ndiyo akili niliyonayo. Nikafikiri juu ya jike aliyebebwa kutoka kiotoni, na alichokiacha kiotoni, na nguvu atakayorudi nayo. Nikamwona akiwa nukta juu ya barabara, kisha mabega, kisha lile shati la kaki limekauka mwilini. Nikamwona akifika hapa nilipo. Chokaa alinitazama asinijue, na hilo niliweza kulivumilia. Mwatima atanitazama mara moja tu na atanijua, mimi hasa, bila shati wala ndevu, yule niliyekuwa nikimtafuta chini kabisa.

Nikaingia ndani. Mchana ulikuwa bado mweupe, majirani bado wanapita. Nikasukuma mlango, nikaweka komeo, nikasogeza na kinu cha kutwangia nyuma yake.